Uzi: Sauti na macho kwenye mitingi za video, vijana wa Mombasa tuongee

mkaazi_wa_kisauni

Assalam aleikum wanajamvi, hamjambo nyote. Nafungua huu uzi kwa sababu jambo lenyewe lanikereketa roho. Vijana wengi hapa Mombasa sasa waomba kazi za mtandaoni, huyu kuhudumia wateja wa ng'ambo, huyu mahesabu, huyu kuuza safari za watalii, na intavyuu zote siku hizi ni za video. Mimi kazi yangu ni kuongea na wateja kwa video kutwa, na jioni hukaa na vijana wa mtaani wakafanya mazoezi kabla ya intavyuu zao. Ninachokiona ni kwamba kijana kazi aijua, Kiingereza anacho, lakini upande wa pili anaonekana kama mtu asiye na haja. Na haja anayo! Ni adabu yetu inayopotea njiani. Mtu anainamisha macho kwa heshima, ananyamaza mkubwa akiongea, anajibu kwa sauti ya chini asionekane mjuaji, na lau mngekuwa chumba kimoja kila mtu angemuelewa, lakini kwenye kamera haya yote yanafutika inabaki sura ya mtu anayetazama chini na asiyesikika.

Naanza na sauti. Watu wakiambiwa intavyuu ya video wanakimbilia shati na taa, sikatai, lakini picha ikiganda mkutano bado unaendelea, sauti ikikatika hakuna tena mkutano. Na sauti yenyewe haina gharama, Zoom wenyewe wanasema sauti peke yake yatumia kama kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, na video nzuri ya watu wawili yataka kama 600. Kwa hivyo bando ikianza kusuasua usikae pale ukisema "hello, hello, mwanisikia?" Sema mara moja "samahani, nafunga kamera kidogo mnisikie vizuri," uifunge, uendelee. Mtu anayejua kufanya hivyo anaonekana mtulivu kuliko yule anayeng'ang'ania picha huku maneno yanakatika.

Pili chumba. Nyumba zetu kuta ni za mawe na saruji, chini taili, madirisha makubwa ya kuingiza upepo, ni raha kwa joto lakini sauti inagonga kila ukuta na kurudi, ukisikika utadhani uko ndani ya tangi. Ongelea chumba cha kulala, chenye kitanda, godoro na nguo zimetundikwa. Kama huna budi kukaa ukumbini tundika blanketi kwenye ukuta ulioko mbele yako, yaani ule sauti yako inaouelekea, na uweke maiki karibu na mdomo. Hedifoni za waya za bei rahisi, zile zenye maiki yake, zashinda maiki ya laptopu iliyo mbali nawe.

Na feni sasa! Najua Mombasa bila feni mtu atatoka jasho mpaka kwenye nyusi, sikwambii uzime. Ielekeze miguuni. Upepo ukipiga maiki ni "fuuu" mwanzo mwisho, na hizi programu za mitingi zimetengenezwa kukata kelele isiyobadilika, feni ni kelele isiyobadilika, zikiikata zinakata na maneno yako yaliyo chini chini. Sasa fikiria kijana ambaye kila sentensi aanza kwa nguvu na kuimalizia kwa kunong'ona, mwisho wa sentensi ndipo penye jibu lenyewe na ndipo panapoliwa. Mazoezi ninayowapa ni hayo tu: malizia neno la mwisho kwa nguvu ile ile uliyoanzia la kwanza.

Kuhusu macho na mikono naja, wacha niswali kwanza.

---

changamwe_boy

Bro hii mada imekuja wakati wake. Lakini mimi nilifundishwa kwenye semina kwamba maneno ni asilimia 7 tu, sauti 38, na mwili 55. Yaani asilimia 93 si maneno. Sasa wewe waanza na sauti mbona usianze na mwili ambao ndio mkubwa?

---

mkaazi_wa_kisauni

@changamwe_boy hizo namba zinazunguka kila semina na wengi wanazitumia pasipo pake. Zatoka kwa Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa chuo cha UCLA kule Marekani, majaribio ya mwaka 1967. Watu walisikizishwa neno moja moja lililotamkwa kwa toni tofauti, wakaoneshwa na picha za nyuso, wakaulizwa huyu anayesema yuwapenda au hapendi. Ilikuwa ni hisia, pale ambapo neno lasema hivi na sauti yasema vingine. Mehrabian mwenyewe alishaeleza kwamba haziingii kwenye mazungumzo ya kila aina. Wewe ukiulizwa kwenye intavyuu vipi utasuluhisha hesabu ambayo haikubali, mikono yako haiwezi kujibu asilimia 55 ya swali. Jibu ni maneno. Sauti na mwili ni vya kuyafikisha yakiwa mazima.

Haya tuendelee na kitu ambacho wengi hawakijui, kuchelewa kwa sauti. Mwaka 2009 watafiti walilinganisha lugha 10 za pande tofauti za dunia wakaona watu wakipokezana maneno nafasi ya kati ni ndogo mno, kwa wastani kama milisekunde 200, hujamaliza kupepesa jicho. Kwenye video sauti yako yasafiri kwanza. Sisi Mombasa tuna bahati, kebo za baharini zinazobeba intaneti zatua hapa hapa kwetu, SEACOM na TEAMS mwaka huo huo wa 2009, EASSy mwaka uliofuata, kabla ya hapo intaneti ya huku ilipitia setilaiti zilizoko kilomita karibu 36,000 juu, kwenda na kurudi ni zaidi ya nusu sekunde. Sasa ni afadhali sana, lakini bado kuna wai-fai ya nyumbani, kuna mnara wa simu uliojaa watu, kuna mwendo mpaka Ulaya. Ule muda mdogo wa kupokezana unavurugika. Ndio mwajikuta mwaongea pamoja, mwanyamaza pamoja, kisha mwaanza tena pamoja.

Dawa ni kumuacha mwenzio amalize, uvute pumzi moja, ndio ujibu. Usiogope ule ukimya. Ni afadhali huo kuliko kugongana maneno. Na mkigongana usiseme "endelea wewe" mara tatu, nyanyua kiganja kidogo kifuani kumuashiria aendelee, utulie.

Halafu hili la kwetu hasa. Sisi mtu akiongea twamuitikia, "naam… ehee… enhe… haya… mashallah." Ndio kusikiliza kwetu, ukinyamaza mtu atauliza "u pamoja nami?" Kwenye video kama unatumia spika ya laptopu, programu yafanya kazi ya kuzuia mwangwi, na nyingi wakati watu wawili wanatoa sauti pamoja zinamshusha mmoja. Kila "ehee" yako inamkata anayeongea, na wakati mwingine skrini yarukia sura yako kwa kuwa imekusikia. Kwa hivyo kuitikia kuhame kutoka kooni kuende kichwani. Tikisa kichwa polepole, kikubwa kidogo kuliko kawaida, maana picha ni ndogo na huenda yaruka ruka. Tabasamu kidogo. Ukisikia hoja nzito shika kalamu andika, aone mkono wako unaandika. Hapo heshima yako imeonekana bila kumkatiza mtu.

---

ami_wa_tudor

Wanangu, nimesoma yote. Mimi ni mtu mzima, tuna kamati ya ukoo na jamaa wengine wako Muscat, wengine Uingereza, twaonana kila mwezi kwa Google Meet. Naomba mniambie, hivi hili la kumtazama mtu usoni kwenye kamera, mtoto wangu aniambia "baba tazama kamera," na mimi nililelewa kwamba kumkodolea mtu macho si adabu. Sasa ni lipi?

---

mkaazi_wa_kisauni

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa swali, ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Kamera ya laptopu iko juu ya skrini. Ukimtazama mtu machoni kwenye skrini, yeye anakuona unatazama chini, kifuani kwake au mezani. Ukitazama ile tundu ya kamera, yeye anahisi wamuangalia yeye. Kwa hivyo wewe hapo humkodolei mtu, watazama kitundu cha kioo. Adabu haijavunjika, na wala si lazima utazame muda wote, hata ana kwa ana hakuna afanyaye hivyo. Tazama kamera unapotoa salamu, unapotaja jina la mtu, na unaposema lile neno ulilokusudia wakushike nalo. Wakati wa kusikiliza tazama nyuso zao kama kawaida, wasome.

Kitu kinachosaidia zaidi ni kuinua mashine. Kamera iwe usawa wa macho. Juzi nilikuwa na binamu yangu anajiandaa kwa intavyuu ya uhasibu, laptopu iko kwenye meza ndogo ya kahawa, kamera yamuangalia puani na dari yote nyuma yake, na feni yazunguka juu ya kichwa. Tukachukua ndoo ya rangi yenye kifuniko tukaiweka juu ya meza, laptopu juu yake, yeye akasogea nyuma kiasi cha urefu wa mkono. Dirisha la Meet tukalipunguza likawa dogo, tukalivuta juu kabisa katikati, chini ya kamera, ili hata akimtazama mtu kwenye skrini macho yasishuke sana. Tukarekodi dakika mbili kabla na dakika mbili baada. Mtu ni yule yule, majibu ni yale yale, lakini kwenye ile ya pili mamake aliyekuwa akichungulia mlangoni akasema "sasa huyu ndiye mwanangu."

Mzee wangu kwa kikao cha ukoo nakuongezea moja. Kwa vile mko wengi, salamu ya pamoja inapotea, kila mtu ajibu kwa wakati wake inakuwa fujo. Mwenye kuendesha kikao awataje wakubwa mmoja mmoja kwa jina na cheo, "ami fulani wa Muscat, shangazi fulani," kila mmoja afungue maiki ajibu. Inachukua dakika tano lakini baada ya hapo hakuna anayejiona mgeni.

---

ami_wa_tudor

Marahaba mwanangu. Allah akujaze kheri. Hili la kuwataja tutalifanya.

---

mwana_likoni

Samahani, mimi nitapinga kidogo. Kwa nini sisi ndio tujibadilishe? Mbona wao wasijifunze kwamba mtu wa Pwani akiinamisha macho amekuheshimu? Mwisho tutakuwa twaigiza.

---

mkaazi_wa_kisauni

@mwana_likoni sioni kosa kwenye swali lako. Anayeajiri watu wa nchi nyingi angejifunza, na bosi mzuri hujifunza, na mimi wateja wangu nawaeleza. Lakini hebu tazama, nyingi ya haya niliyoyasema hayana uhusiano na Uzungu. Mzungu naye akiangalia skrini anaonekana anatazama chini. Mjapani naye akikaa na dirisha mgongoni sura yake inakuwa giza. Mashine ndiyo inayokata, nasi twaijazia ile sehemu iliyokatwa. Nyanya yangu akiongea na simu alikuwa anapaza sauti na kutamka pole pole, na hakuna aliyemuambia aigiza, alijua yule aliye upande wa pili hamuoni. Wewe baki na heshima yako yote, ila ihakikishe imefika.

Na usilazimishe uchangamfu usiokuwa wako, hapo nakubaliana nawe kabisa. Kijana mpole akianza kupunga mikono kama mtangazaji wa mpira anaonekana muongo. Mpole abaki mpole, asikike na aonekane, basi.

---

bint_kibokoni

Kaka ahsante sana ila umewasahau kina dada. Mimi navaa nikabu na nafanya kazi ya huduma kwa wateja, mitingi kila siku. Niseme yangu yawafae wenzangu.

Mtu akiwa haoni mdomo wako sauti ndio sura yako. Kitambaa chazuia zile sauti kali kali, s, f, sh, th, zinapungua makali, kwa hivyo natamka konsonanti kwa bidii zaidi na naenda polepole. Maiki ya kubana kifuani usiifiche ndani ya nguo, inasugua kila ukigeuka, mimi yangu iko mezani imesimama. Tabasamu hata kama halionekani, mdomo ukitanuka sauti yenyewe inabadilika na mtu anaisikia, jaribu kusoma sentensi moja umenuna kisha umetabasamu ujirekodi utashangaa.

Kisha natumia kichwa na mikono. Kuinamisha kichwa upande kidogo wakati mteja analalamika, nyusi, mkono kifuani nikiomba radhi, hii ya mkono kifuani wateja wengi wanaielewa. Mikono iwe usawa wa kifua ndani ya picha, na iende taratibu, ukiipeleka haraka inakuwa ukungu. Na yale mandhari ya kubandika ya kwenye programu siyatumii, yanakula kingo za buibui na vidole vyote, mkono waingia na kutoka kama jini. Ukuta mtupu nyuma yangu watosha.

Jambo jingine, mwanzo wa mkutano hujitambulisha kwa jina hata kama liko kwenye skrini, na nikianza kuongea kwenye kundi kubwa nasema "hapa ni fulani." Hakuna anayebaki akitafuta ni nani anaongea.

---

mkaazi_wa_kisauni

@bint_kibokoni mashallah dadangu, hapa umenifundisha, hili la konsonanti na kitambaa nitawaambia wengine. Na wanaume wenye kuvaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe wasikie pia: kamera yajipima kwa mwanga ilioukuta, ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, na sisi watu weusi sura ndio inaingia gizani. Dirisha liwe mbele yako, usikae nalo mgongoni. Jua la mchana likiwa kali teremsha pazia jembamba.

Pumzi pia sijaisema. Waliosoma chuoni, yaani madrasa, hili wanalo tayari, mwalimu wa Kurani hakukuacha uvute pumzi katikati ya neno, alikufundisha mahali pa kusimama. Waimbaji wa taarabu na kasida vile vile. Tumia elimu hiyo hiyo: vuta pumzi kwa tumbo kabla ya kufungua maiki, sema fungu moja lenye maana nzima, simama, vuta, endelea. Wengi hufungua maiki kwanza ndio wavute pumzi, na sauti ya kwanza watu wanayoisikia ni kuhema.

---

changamwe_boy

Na kuchoka je? Mimi mitingi tatu za video nahisi nimebeba magunia bandarini.

---

mkaazi_wa_kisauni

Kuchoka huko kumeandikwa. Jeremy Bailenson wa chuo cha Stanford mwaka 2021 alitaja sababu nne: macho ya watu kukukaribia mno muda mrefu, kujiona mwenyewe kutwa, kukaa bila kusogea, na akili kufanya kazi zaidi kutuma na kusoma ishara. Ya kujiona ndio rahisi kuitibu, kwenye Zoom kuna sehemu ya kuficha picha yako mwenyewe, wengine waendelea kukuona wewe hujioni. Jitazame mwanzo, hakikisha umekaa sawa, kisha jifiche. Utaacha kujirekebisha kofia kila dakika na macho yatarudi kwa watu. Mkutano wa kusikiliza tu omba ruhusa ufunge kamera, simama, tembea chumbani.

---

pwani_accounts

Jamani mimi nimekuwa nasoma kimya kimya. Intavyuu yangu ni kesho, wameniandikia saa 9:00 AM saa za London. Niko Bamburi, jirani wana harusi, na nyuma ya nyumba kuna msikiti. Nifanyeje?

---

mkaazi_wa_kisauni

@pwani_accounts usiwe na wasiwasi. Sasa hivi sisi tuko mbele yao masaa mawili, kwa hivyo ni saa tano asubuhi ya hapa. Ikipita Jumapili ya mwisho ya Oktoba itakuwa masaa matatu, wenye intavyuu baada ya hapo muhesabu upya. Saa tano adhana ya adhuhuri bado, hiyo haikugusi. Ikipita hapo mkiwa bado mwaongea, sema tu "mtasikia wito wa sala hapa jirani kwa dakika chache," funga maiki wao wanapoongea. Kwenye Zoom ukiwa umejifunga maiki, shikilia ile batani ndefu ya nafasi kwenye kibodi (spacebar) utasikika, ukiiachia umefungika tena, ni afadhali kuliko kutafuta alama kwa kipanya. Ijaribu leo.

Harusi nenda leo jioni kwa mama mwenye shughuli, msalimie vizuri, umuombe wasipige ngoma tano hadi sita. Jirani wa Bamburi hawezi kukunyima saa moja ukimuomba kwa heshima. Tokeni za stima nunua leo, simu ijae chaji na uiwekee bando, ili stima ikipotea uhamie kwenye simu, na hiyo simu ijaribu mapema uiegemeze usawa wa macho, imelala kwa upana. Nguo ya rangi moja, isiwe ya mistari myembamba, inacheza kwenye kamera.

Na leo usiku jirekodi ukijibu swali moja tu, lile la "tuelezee kuhusu wewe." Nitumie hapa inboksi kabla ya saa nne, nitaisikiliza yote nikujibu kabla hujalala.

---

pwani_accounts

Shukran sana kaka. Naenda kwa mama wa harusi sasa hivi, kisha narekodi.

---

bint_kibokoni

@pwani_accounts ukimaliza kurekodi nitumie na mimi, nitakusikilizia zile s na f.